Ronald Ngala: Mwalimu Mkuu wa Buxton Aliyegeuka Sauti ya Pwani, na Somo Alilowaachia Watu wa Kwale

- Ronald Ngala aliongoza shule za Waafrika enzi ambazo rangi ya ngozi ndiyo iliyoamua utakaa darasa gani
- Mwaka 1957 aliingia bungeni kuwakilisha Pwani nzima, Kwale ikiwemo, kwenye uchaguzi ambao masomo yalikupa kura
- Wengi wanamkumbuka kwa majimbo na kwa nyuki, lakini kazi yake ya darasani ndiyo iliyozaa hayo mengine yote

Kama umewahi kupanda basi la usiku Ukunda ukaamkia Nairobi, basi Ronald Ngala unaijua. Ni ile barabara ya katikati ya jiji yenye kelele za makanga, mikokoteni na wauza nguo, pale ambapo begi unalishika mbele kama mtoto mchanga. Ukiifuata inakutana na Tom Mboya Street. Kila siku maelfu ya watu wanaitaja wakishuka matatu. Lakini hebu jiulize leo: huyo Ronald Ngala alikuwa msee gani?

Mapwani wengi watakujibu kwa neno moja kati ya mawili. Wazee watasema majimbo. Vijana waliosikia stori za mababu watasema nyuki. Yote mawili tutayafikia. Ila kabla ya siasa, kabla ya gari lenye bendera na kabla jina lake halijawekwa kwenye kibao cha barabara, Ngala alikuwa mwalimu mkuu. Mweusi, wa Kimijikenda, akiongoza shule wakati serikali yenyewe ilikuwa imepanga kwamba mtoto mweusi asome kidogo, tena mwisho wa foleni.

Na usidhani hii ni stori ya Kilifi peke yake. Wewe wa Diani, wa Msambweni, wa Kinango, wa Lunga Lunga, huyu jamaa alikuwa mbunge wa babu yako pia. Tulia nikuchanue.

Mtoto wa Giriama baada ya vita

Ngala alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 upande wa Kaloleni, katika nchi ya Wagiriama. Wakati huo kidonda cha vita kilikuwa bado kibichi. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alikuwa amewaamsha watu wakatae kodi na kazi ya kulazimishwa, na 1914 Mwingereza akajibu kwa bunduki. Nyumba zilichomwa, mifugo ikachukuliwa na watu wakafukuzwa kwenye mashamba yao ya ng'ambo ya mto Sabaki.

Sasa fikiria wewe ni mzazi wa Kigiriama miaka kama kumi baadaye. Mzungu yuleyule anakuja anakwambia mtoe mtoto umpeleke shule. Ungekubali? Wengi hawakukubali. Mtoto alikuwa wa kulisha mbuzi, kugema mnazi na kusaidia shambani. Shule ilionekana ni mtego.

Lakini Kaloleni palikuwa na misheni ya Church Missionary Society, wale CMS, na shule yao ya St. John's. Ngala akaingia hapo. Alikuwa na kichwa, na kichwa hicho kikampeleka Alliance High School kule Kikuyu, shule iliyofunguliwa 1926 na ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa kilele cha elimu ya Mwafrika Kenya nzima. Kijana wa Pwani kufika Alliance miaka hiyo si mchezo. Nafasi zilikuwa chache kuliko meno ya kuku.

Kutoka Alliance akavuka mpaka hadi Makerere, Kampala, akasomea ualimu na kutoka na diploma. Kwa nini Makerere? Kwa sababu Kenya haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Mwafrika wa Kenya, wa Uganda na wa Tanganyika wote walikuwa wanagombania mlango huohuo mmoja. Ukitoka Makerere na karatasi, kijiji kizima kilikuwa kinakujua kwa jina.

Mombasa ya shule nne

Ili uelewe uzito wa kazi yake, lazima kwanza uone Mombasa ilivyokuwa.

Leo ukivuka feri Likoni mtoto wako anaweza kusoma popote mradi una doo ya karo. Wakati ule, hata ungekuwa na gunia la pesa, mlango ulifunguliwa kwa rangi. Wazungu walikuwa na shule yao. Wahindi walikuwa na zao, na jina kubwa lilikuwa Allidina Visram. Waarabu walikuwa na Arab Boys, iliyofunguliwa 1912. Halafu mwisho kabisa, Mwafrika. Vyumba vinne katika nyumba moja, na kila chumba na bajeti yake. Wachache walipata kingi, wengi wakapata kidogo.

Kwa watoto wa Kizungu masomo yalifanywa ya lazima 1942. Kwa mtoto mweusi hayakuwa hata haki. Yalikuwa bahati.

Na bahati yenyewe ilikuwa na chujio. Mwaka 1949 tume iliyoongozwa na Mchungaji Leonard Beecher ilitoa mpango wa elimu ya Mwafrika. Miaka minne ya kwanza, kisha mtihani. Ukipita, miaka minne mingine, kisha mtihani mwingine uliojulikana kama KAPE. Ukipita tena ndio uote kuingia sekondari. Kila mtihani uliwamwaga watoto nje kama mchele unaopepetwa. Mtoto wa miaka kumi na moja hivi anaambiwa basi, umefika mwisho, rudi ukalime.

Sasa njoo upande wetu wa kusini. Shule nyingi za Waafrika zilikuwa mikononi mwa wamisheni. Wadigo ni Waislamu, na mzazi wa Kidigo aliogopa kumpeleka mwanawe kwa padri asije akarudi na jina jipya. Watoto wengi wakabaki chuoni wakijifunza Kurani. Elimu hiyo ilikuwa ya maana kwao, ila mkoloni hakuihesabu. Ndiyo maana shule ya serikali pale Waa, iliyoanza miaka ya 1920, ilikuwa jambo kubwa: mtoto wa Kidigo angeweza kusoma bila kubadilisha dini. Lakini shule moja kwa eneo linalotoka Likoni mpaka mpaka wa Tanganyika? Hesabu mwenyewe.

Mfano ulitoka Marekani

Huenda umeona kwenye filamu habari za walimu wakuu weusi wa Alabama na Virginia, walioendesha shule kwa vitabu vilivyochakaa huku shule ya wazungu upande wa pili wa barabara ina kila kitu. Ukadhani hayo ni ya huko.

Ukweli ni kwamba mpango huohuo uliletwa Kenya ukiwa umefungwa na utepe. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki. Ndani yake alikuwemo James Aggrey, mwalimu mweusi aliyezaliwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Tume ikasema elimu ya Mwafrika ifuate mfano wa shule za weusi wa kusini mwa Marekani kama Tuskegee: kilimo, ufundi, usafi na maisha ya kijijini. Mwaka 1925 ikafunguliwa Jeanes School pale Kabete. Jina lilitokana na Anna Jeanes, mwanamke tajiri wa Philadelphia aliyeacha pesa za kusaidia shule za weusi vijijini Marekani.

Kilimo na ufundi si vibaya. Shida ilikuwa nia. Wengi waliona wanafunzwa kuwa mafundi wazuri wa kumtumikia bwana, wasije wakafika kwenye kiti cha bwana. Mzazi mweusi wa Alabama alilijua hilo. Mzazi mweusi wa Kaloleni naye pia. Wote wawili walitaka mtoto apate ile elimu ya vitabu ambayo mzungu alimpa mwanawe mwenyewe.

Marekani, mahakama kuu ilitangaza 1954 kwamba kutenga shule kwa rangi ni kinyume cha katiba. Kenya mwaka huohuo ilikuwa katikati ya hali ya hatari, na shule bado zimegawanywa vilevile. Ngala alikuwa anafundisha ndani ya mgawanyo huo.

Ufunguo wa ofisi

Baada ya Makerere, Ngala alirudi Pwani kushika chaki. Akawa mwalimu mkuu Mbale, kule milima ya Taita, kisha akashuka Mombasa kuongoza Buxton, shule ya CMS. Ukisikia Buxton leo unafikiria maghorofa mapya. Miaka ya 1950, kwa familia za Waafrika wa Mombasa, Buxton lilikuwa jina la shule.

Mwalimu mkuu Mwafrika wa wakati ule hakuwa mtu wa kuketi ofisini kunywa chai. Alisimama katikati ya moto mara mbili. Upande mmoja kuna wamisheni wenye shule na maafisa wa elimu wanaokuja na daftari la ukaguzi. Upande wa pili kuna wazazi waliouza mbuzi ili mtoto apate karo, wanaotaka jibu moja tu: je, wangu atapita? Akibembeleza wakubwa sana, wazazi wanamwona kibaraka. Akisimama na wazazi sana, wakubwa wanamwona mchochezi.

Halafu kuna suala la mshahara. Kwenye utumishi wa serikali Kenya, kuna kipindi mtu asiye Mzungu alilipwa sehemu tatu kwa tano za alicholipwa Mzungu kwa kazi ileile. Yaani Mzungu akipata shilingi 100, wewe mwenye cheo hichohicho unapewa 60. Hiyo haikuwa siri ya ofisi. Iliandikwa na tume ya Holmes mwaka 1948, na haikuondolewa mpaka tume nyingine, ya Lidbury, ilipoikataa 1954. Noma sana. Na walimu wa Kenya hawakuwa hata na chama kimoja cha taifa cha kuwatetea. KNUT ilianzishwa Desemba 1957.

Sasa mwanafunzi akimwona mtu mweusi ameshika funguo za ofisi ya mwalimu mkuu, anatia sahihi barua na kuongea na mkaguzi Mzungu uso kwa uso, hilo peke yake lilikuwa somo. Halikuwa kwenye ratiba, lakini liliingia kichwani kuliko hesabu.

Ngala aliandika pia. Mwaka 1949 kilitoka kitabu chake kwa Kiswahili, Nchi na Desturi za Wagiriama. Uone hapo: mtu aliyelelewa kwenye misheni, ambako mila za kwao mara nyingi ziliitwa ushenzi, anakaa chini anaziandika kwenye kitabu ili zisomwe. Wakati mfumo wote unamwambia mtoto mweusi asahau alikotoka, mwalimu anaweka nchi yake na desturi zake kwenye rafu moja na vitabu vingine.

Uchaguzi uliokuwa kama mtihani

Sasa tuingie 1957, mwaka uliobadilisha kila kitu.

Kwa mara ya kwanza Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kuchagua wabunge wao wenyewe kwenye Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane tu, kwa mamilioni ya watu. Na si kila mtu alipiga kura. Ulihitaji sifa: masomo, ama kipato, ama mali, ama utumishi wa muda mrefu, ama uzee wa heshima. Na kadiri ulivyokuwa na sifa nyingi ndivyo kura zako zilivyoongezeka, hadi tatu. Soma tena: mtu mmoja angeweza kuwa na kura tatu, na jirani yake asiwe na hata moja.

Unaona Kwale ilivyoumia hapo? Mvuvi wa Gazi ama wa Shimoni, anayeijua bahari kuliko mtu yeyote, amesoma Kurani akamaliza, ana busara ya kuamua kesi za kijiji. Mbele ya karani wa uchaguzi, darasa alilokaa halikuwa na jina kwenye fomu. Shule alizonyimwa mtoto 1935 zikamnyima kura 1957. Ubaguzi wa darasani uligeuka ubaguzi wa sanduku la kura.

Kiti kimoja kilikuwa cha Pwani yote. Ngala akagombea, akashinda. Akaingia na mbogi ambayo leo ni majina ya barabara na vitabu vya historia: Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro, Daniel arap Moi, Bernard Mate, Lawrence Oguda na James Muimi. Angalia vizuri orodha hiyo. Odinga alikuwa amefundisha. Moi alikuwa mwalimu. Muliro mwalimu. Mate mwalimu. Ngala mwalimu mkuu. Haikuwa ajali. Mkoloni aliacha mlango mmoja tu mwembamba wazi kwa Mwafrika aliyesoma, nao ulikuwa ualimu. Wakati alipokuja kugundua, watu wa chaki walikuwa wameshajaa ndani.

Kutoka ofisi ya shule hadi wizara ya elimu

Januari 1960, kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, wabunge wa Kiafrika walihitaji kiongozi wa ujumbe. Mboya na Odinga walikuwa majogoo wawili katika zizi moja. Aliyekubalika na wengi alikuwa Ngala, mtulivu, asiyepiga kelele. Mboya akawa katibu. Mkutano huo ndio uliofungua njia ya Waafrika kuwa wengi bungeni.

Mwaka huohuo vyama vikagawanyika. KANU ikazaliwa na watu wa makabila makubwa, na Juni 1960 KADU ikaundwa Ngong, Ngala akiwa rais wake. KADU ilikuwa muungano wa jamii ndogondogo zilizoogopa kumezwa: Mijikenda, Kalenjin, Maasai, sehemu ya Waluhya na wengineo.

Uchaguzi wa 1961 KANU ilishinda kwa viti lakini ikakataa kuunda serikali Kenyatta akiwa bado kizuizini. KADU ikaingia. Ngala akawa kiongozi wa shughuli za serikali, na wizara aliyoshika ni elimu. Msaidizi wake bungeni katika wizara hiyo? Moi. Walimu wawili wakipewa mfumo uliowabana walipokuwa darasani.

Muda ulikuwa mfupi na nguvu za mwisho bado zilikuwa kwa gavana. Kuta za rangi hazikuanguka siku moja. Ilibidi tume ya Ominde ya 1964, baada ya uhuru, ndiyo iseme wazi kwamba Kenya iwe na mfumo mmoja wa elimu usio na rangi. Lakini mtu wa kwanza kukalia kile kiti akiwa anajua kwa mwili wake uchungu wa shule zilizotengwa ni jambo ambalo watoto wa Buxton hawakulisahau kirahisi.

Na jambo ambalo mahasimu wake hawapendi kulitaja: ni wakati wa serikali hiyo ya KADU, Agosti 1961, ndipo Kenyatta aliachiliwa, na serikali ikamjengea nyumba Gatundu.

Majimbo: ndoto iliyovunjwa mwaka mmoja baadaye

Ngala alitaka nini hasa? Alitaka Kenya moja, lakini yenye majimbo yanayojisimamia kwenye mambo ya ardhi, shule na utawala wa karibu. Kulikuwa na watu wa Mwambao waliotaka ukanda wa pwani ujitenge, ule wa maili kumi uliokuwa bado ukihesabiwa ni wa Sultani wa Zanzibar, na ambao ulipita Diani, Msambweni hadi Vanga. Ngala aliwakatalia. Hoja yake ilikuwa Pwani ibaki Kenya, ila iwe na sauti yake.

Uhuru ulipokuja 1963, katiba ilikuwa na majimbo saba. KADU ilishika matatu, Pwani ikiwa moja, na Ngala akawa rais wa jimbo hilo. Kinango nako kulikuwa na mwalimu mwingine wa Kiduruma, Robert Matano, aliyekuja kuwa mtu mzito serikalini na katibu mkuu wa KANU. Kwa mara ya kwanza watu wa huku walikuwa na meza yao.

Meza hiyo haikukaa. Serikali ya Nairobi ilibana pesa, ikavuta mamlaka, na wabunge wa KADU wakaanza kuhama mmoja mmoja. Novemba 1964 Ngala alisimama bungeni akavunja chama chake mwenyewe na kuhamia KANU. Baadaye akapewa uwaziri, na 1966 akawa mmoja wa makamu wanane wa rais wa chama.

Hapa ndipo watu wanapozozana mpaka leo. Kuna wanaosema aliuza. Kwamba angekaza, pengine ardhi ya Pwani isingegawanywa na watu wa mbali, na familia nyingi za Kwale zisingeishi kama maskwota kwenye shamba walikozikwa mababu zao. Kuna wanaosema KADU yenyewe ilikuwa inapigwa jeki na walowezi wa Kizungu waliotaka majimbo ili kulinda mashamba yao, na hilo halikuwa uongo mtupu. Na kuna wanaosema hakuwa na njia: chama kinakimbiwa, pesa hakuna, na nchi changa inaweza kuwaka moto.

Chagua upande wako. Lakini usikubali mtu akwambie kwamba mtu huyu alikuwa ni siku hiyo moja tu ya 1964.

Krismasi ya huzuni

Desemba 1972 gari la Ngala lilipata ajali kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, upande wa Konza. Habari iliyosambaa ni kwamba nyuki waliingia ndani ya gari, dereva akapoteza mwelekeo. Ngala aliumia vibaya na akafariki Desemba 25, Krismasi, akiwa na takribani miaka 50. Alikuwa bado waziri.

Nyuki hao Pwani haikuwameza. Walikuwa nyuki wa kweli ama nyuki wa siasa? Mboya alikuwa ameuawa kwa risasi 1969, na watu walikuwa wameanza kuhesabu. Mpaka leo mzee akikusimulia, anafika kwa nyuki anakohoa kidogo, anatazama pembeni. Kilichobaki na uhakika ni kaburi kule kwao Kaloleni, na familia ambayo baadaye ilitoa waziri mwingine, mwanawe Noah Katana Ngala.

Kwale imerithi nini?

Jina lake liko kwenye barabara ya Nairobi. Liko pia kwenye chuo cha utalii cha Vipingo, Kilifi, mradi ambao ujenzi wake ulikokotwa miaka na miaka. Lakini urithi mkubwa hauna kibao.

Angalia katiba ya 2010. Kaunti ni majimbo yaliyopunguzwa ukubwa na kupewa jina jipya. Pesa zinashuka Kwale, madarasa ya chekechea na vyuo vya ufundi viko chini ya kaunti, na kaunti ya Kwale ikaamua kuweka mamilioni kwenye basari za Elimu ni Sasa, watoto wa Kinango na Lunga Lunga wakaanza kuonekana kwenye shule za kitaifa na vyuo vikuu. Uamuzi wa mtoto wa Msambweni asome ama asisome haufanywi tena na karani wa Nairobi peke yake. Hicho ndicho alichokuwa anakipigania mwalimu wa Buxton, na kilirudi miaka 46 baada ya yeye kukivunja kwa mikono yake.

Lakini chujio halijaisha. Limebadilisha sura tu. Zamani mtoto alitolewa shule na rangi yake na mtihani wa darasa la nne. Leo anatolewa na karo, na mimba, na bodaboda, na muguka, na mzungu wa Diani anayempa noti mbili za kununua soda ufukweni mpaka akaona shule inamchelewesha kuomoka. Matokeo ni yaleyale: watu wa mbali wanakuja kusimamia hoteli, mashamba na ofisi za kwenu, na wewe unabaki kulinda geti.

Wakati wa Ngala mtoto mweusi alifungiwa mlango kwa nje, na mtu kama yeye akaingia kwa ufa uliobaki, akasimama hapo akivuta wengine kwa mkono. Leo mlango uko wazi nusu, na fomu ya basari ni bure. Ukimaliza kusoma hapa, mpigie yule mdogo wako aliyeacha shule Form Two akasema masomo hayana faida. Muulize kama anajua kwamba babu yake huenda alinyimwa kura kwa sababu hakukaa darasa analolikimbia yeye. Halafu muulize atarudi lini.